Je, Wajua? Dhambi ya Babu Ndiyo Iliyomhifadhi

Je, wajua kwamba Mskoti anayetafuta ukoo wake anaweza kurudi nyuma hadi mwaka 1553? Hapo ndipo kinapoanzia kitabu cha zamani kuliko vyote vilivyosalia, cha parokia ya Errol, jimbo la Perthshire. Mwaka mmoja kabla yake, mkutano wa viongozi wa kanisa la Uskoti ulikuwa umeagiza kila parokia iweke daftari la ubatizo na la matangazo ya ndoa. Mwaka 1560 nchi iliacha Ukatoliki ikafuata Uprotestanti, lakini kazi ya kuandika iliendelea. Kufikia mwisho wa 1854 parokia kama 900 zilikuwa zimejaza vitabu vipatavyo 3,500. Leo vimetunzwa Edinburgh, na kurasa zake zimepigwa picha, zinasomeka kwenye intaneti.

Anayeanza utafiti hana budi kujua jambo moja mapema. Karani wa parokia hakuandika kwa ajili ya vitukuu. Aliandika fedha zilizolipwa, na aliandika mwenendo wa waumini. Ndiyo maana mtu mwema na maskini, asiyegombana na mtu, anaweza kupita duniani asiachiwe hata mstari, na jirani yake aliyeanguka dhambini akajaziwa kurasa mbili nzima.

Kila parokia ilikuwa na baraza la wazee wa kanisa. Walikaa na mchungaji kusikiliza mashauri ya ulevi, matusi, kuvunja Sabato na, zaidi ya yote, mimba za nje ya ndoa. Waumini wa kanisa la PCEA nchini Kenya watalitambua baraza hilo, kwa kuwa wamisionari wa Uskoti walikuja nalo. Binti aliyepata mimba aliitwa amtaje mhusika. Akishikilia kunyamaza, mkunga huenda akaagizwa amwulize tena katikati ya uchungu wa kuzaa. Ulikuwa ukatili, nami siwezi kusoma kumbukumbu hizo bila kumhurumia msichana yule. Hata hivyo, pale daftari la ubatizo linapokosa jina la baba, mara nyingi ni katika mashauri haya ndipo linapopatikana.

Mshairi mkuu wa Uskoti mwenyewe yumo. Robert Burns aliitwa mbele ya baraza la Mauchline mwaka 1786, baada ya Jean Armour kushika mimba yake, na akasimama kanisani kukemewa hadharani. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Agosti 1788, wawili hao walirudi mbele ya wazee wakakiri kwamba walikwisha kuoana bila taratibu za kanisa. Kumbukumbu za siku hiyo zinaeleza walivyokemewa, ndoa yao ilivyothibitishwa, na jinsi Burns alivyotoa gini moja kwa ajili ya maskini. Sheria ya Uskoti ilizitambua ndoa za namna hiyo: ilitosha mwanamume na mwanamke kutamka kwamba ni mume na mke. Hali hiyo ilidumu hadi 1940. Kwa hiyo ukikosa ndoa ya babu kitabuni, usiharakishe kusema hakuoa.

Mwafrika naye yumo. Scipio Kennedy alitekwa Afrika Magharibi angali mtoto, akaishia katika nyumba ya kabaila huko Culzean, pwani ya kusini-magharibi. Mwaka 1728 baraza la Kirkoswald lilimwita kwa shauri lake na Margaret Gray. Wakaoana, wakazaa watoto, na mwaka 1774 akazikwa hapo hapo Kirkoswald.

Wajua pia kwamba kodi iliwahi kufuta watu? Kuanzia Oktoba 1783 serikali ilitoza peni 3 kwa kila ubatizo, ndoa au maziko yaliyoandikwa. Mafukara walisamehewa, lakini wengi wengine waliona heri mtoto abatizwe asiandikwe. Kodi hiyo ilifutwa 1794, ikiwa imeacha mapengo yasiyozibika. Vifo vyenyewe havikuandikwa kwa bidii hata kabla ya hapo. Mara nyingine alama pekee ya kifo ni hesabu za kanisa, zinazoonyesha familia fulani ililipia kuazima kitambaa cha kufunikia jeneza.

Tuje kwenye majina. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la baba wa baba yake, na wa pili la baba wa mama yake. Msomaji wa Murang'a atajiona yuko nyumbani, ila kwa wasichana Waskoti walianza na bibi wa upande wa mama, ambapo Wakikuyu huanza na wa upande wa baba. John mwenye wana watano angeweza kupata wajukuu watano, wote John, wote wa ukoo mmoja na kijiji kimoja. Kinachomwokoa mtafiti ni wanawake: mke wa Kiskoti aliendelea kuandikwa kwa jina la ukoo alikozaliwa, hata kwenye jiwe la kaburi lake. Yeye ndiye anayemtenga John huyu na John yule.

Tahajia nayo haikutulia. David Livingstone, aliyekutana na Stanley kule Ujiji mwaka 1871, aliandika jina lake bila herufi ya mwisho kwa miaka mingi, kwa kuwa baba yake aliiondoa. David mwenyewe aliirudisha mnamo 1857. Katika kitabu chake cha mwaka huo huo anasimulia kwamba babu yake, mkulima mdogo wa kisiwa cha Ulva, aliweza kueleza maisha ya wahenga wao vizazi sita nyuma. Maarifa hayo yalikaa kichwani, bila karani.

Tarehe 1 Januari 1855 serikali ilichukua usajili mikononi mwake, na fomu za mwaka wa kwanza zilikuwa na uroho wa ajabu wa habari. Cheti cha kuzaliwa kilidai umri wa wazazi na mahali walipozaliwa, siku na mahali walipooana, na idadi ya watoto wao wengine, walio hai na waliokufa. Cheti cha kifo kilitaka majina ya wazazi wa marehemu, na ya watoto wake wote pamoja na umri wao. Makarani walielemewa, na mwaka 1856 maswali mengi yakaondolewa. Kwa hiyo kizee wa miaka 80 aliyefariki mwaka ule mmoja wa 1855 ametuachia ukurasa unaowataja wazazi wake, watu waliokuwa wakilea mtoto katika miaka ya 1770.