"Kingamwili ya sukari": tatizo la -a unganifu

Kingamwili (ngeli ya I-/ZI-: kingamwili hii, kingamwili hizi) ni protini ambayo mwili huitengeneza ili kunasa kitu kigeni. Maabara nayo huitumia kutambulia vitu. Hapo ndipo -a unganifu humtega mfasiri: je, "kingamwili ya sukari" ni iliyotokana na sukari, au inayoitambua?

Hospitali kama ile ya Utete, Rufiji, inapopima kundi la damu, hutegemea tofauti ndogo sana. Chembe nyekundu za kundi A na za kundi B hutofautiana kwa sukari moja ya mwisho. Za kundi O hazina yoyote kati ya hizo mbili. Kingamwili dhidi ya A ikikuta sukari yake, chembe hushikamana na kufanya mabonge. Mzazi anayevuja damu akiongezewa damu isiyolingana na kundi lake, anaweza kufa.

Katika histoni, yaani protini zinazozungukwa na uzi wa DNA ndani ya kiini cha seli, kazi ni ngumu zaidi. Mwaka 1984 Torres na Hart walieleza kuwapo kwa sukari iitwayo N-asetiliglukosamini kwenye protini za seli. Mwaka 2011 watafiti wengine waliripoti kuiona kwenye histoni H2B, katika serini ya 112. Lakini protini nyingi za kiini hubeba sukari iyo hiyo. Kingamwili inayotambua sukari peke yake itazinasa zote. Inayotambua histoni peke yake itanasa hata isiyo na sukari. Kwa hiyo mtafiti huiondoa sukari kwa kimeng'enya: alama isipotoweka, kingamwili hiyo haiaminiki.

Tafsiri nayo ibebe masharti yote mawili.

Epuka: kingamwili ya sukari ya histoni. (Msomaji aweza hata kufikiria ugonjwa wa sukari.)

Andika: kingamwili inayotambua histoni H2B iliyobandikwa sukari kwenye serini ya 112.

Vivyo hivyo, "kipimo cha kingamwili" kina utata. Kipimo cha haraka cha malaria hutumia kingamwili kunasa protini ya kimelea. Kipimo cha haraka cha VVU hutafuta kingamwili katika damu. Pale -a unganifu inapoficha uhusiano huo, tumia kitenzi: kinachotumia, kinachotafuta, inayotambua.