Kuku wa moshi si samaki wa moshi

Kila anayepita sokoni Kisangani anawajua samaki wa moshi: weusi, wakavu, wepesi mkononi. Wanakaa juu ya moto mpaka maji karibu yote yanatoka, ndiyo maana wanashuka na mto hadi Kinshasa bila kuoza. Sasa wafugaji wanauliza: na kuku je? Wengi wanajijibu wenyewe, "Moshi ikishapita, nyama haiozi tena."

Hapana. Kuku ambaye wateja wanamtaka, yule laini wa kudondosha mafuta, bado ana maji mengi ndani. Moshi umempa rangi na harufu, haukumkausha. Mimi nilishaacha nusu ya kuku ndani ya kapu mpaka kesho yake jioni. Alinukia vizuri kabisa, maana moshi unaficha mengi. Usiku ule sikulala, tumbo lilinifanya nihesabu majogoo ya mtaa mzima.

Kwa hiyo kuku wa moshi anauzwa siku ileile. Pokea oda kwanza, ndipo uchinje. Kuku mgonjwa au aliyekufa mwenyewe asiguse moto wako, hata umwekee pili-pili ya namna gani.

Kazi yenyewe si ngumu. Pasua kuku mgongoni, mlaze wazi kama kitabu. Kwa kuku wa kilo moja na nusu, kijiko kikubwa cha chumvi kinatosha. Saga na vitunguu saumu, tangausi na pili-pili, ongeza mafuta ya mawese kidogo, umpake hadi chini ya ngozi. Saa moja inatosha. Usimlaze na viungo usiku kucha kama huna friji. Kuku wa kijijini mwenye umri umchemshe kwanza, la sivyo utauza viatu.

Nusu ya pipa inafaa, lakini si pipa lililobeba dawa za shamba au mazuti. Makala yakae upande mmoja, kuku upande mwingine, na kifuniko juu. Tupia kipande cha mwembe au mpera kilichokauka. Kwetu mvua haina adabu hata Januari, basi kuni zikae chini ya paa. Mbao zenye rangi, hapana. Wala usiwashe kwa mfuko wa plastiki. Moshi mweupe mzito unaleta uchungu: fungua hewa kidogo, ungoje uwe mwembamba.

Baada ya saa mbili au tatu choma paja kwa kisu karibu na mfupa. Maji yakitoka na damu, mrudishe. Mwenye kipimo cha joto atafute digrii 74 pale kwenye nyama nene.

Anayebaki bila mnunuzi, mmalize nyumbani jioni ileile.