Puto au Kupasua Kifua: Hesabu ya Valvu Iliyobana kwa Mtu wa Kibondo na Kasulu

Mgonjwa wa Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, akiambiwa valvu ya moyo imebana, ndugu huanza kwa kuuliza bei ya upasuaji. Waulize pia atarudi nyumbani na mzigo gani.

Chanzo mara nyingi ni homa ya baridi yabisi, iliyofuata maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Njia iliyozoeleka ni kupasua kifua: mfupa wa kidari unakatwa, moyo unasimamishwa, mashine inasukuma damu. Mfupa huo huunga kwa wiki 6 hadi 12, na mkulima wa maharage hawezi kushika jembe. Akiwekewa valvu ile inayoitwa ya chuma, atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Nauli za kufuata kipimo hicho haziandikwi kwenye ankara ya upasuaji. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa jambo ni zito zaidi, maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Njia nyingine ni tundu dogo kwenye kinena. Mrija mwembamba hupitishwa mshipani hadi moyoni, puto linajazwa, valvu inafunguka. Daktari Kanji Inoue wa Japani aliianzisha 1982. Mfupa haukatwi, wengi hutoka wodini baada ya siku chache, na valvu inabaki ya mgonjwa mwenyewe. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hufanya matibabu ya aina hii. Lakini tundu dogo si lazima liwe na bei ndogo, kwani puto huagizwa nje. Valvu pia inaweza kubana tena baada ya miaka, na sindano za penisilini za kila wiki 3 au 4, za kuzuia homa ile isirudi, zinaendelea vilevile.

Puto halimfai mwenye valvu inayovuja sana, iliyokakamaa, au mwenye damu iliyoganda ndani ya moyo. Kinachoamua ni kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kwa treni, Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo kabla ya safari ulizia kama hospitali ya Maweni au ya Bugando wanaweza kukupima. Kisha omba mchanganuo wa bei kwa maandishi: kifaa, kitanda, dawa. Uliza bima inalipa nini, na usione haya kwenda ustawi wa jamii.

Eko ikiruhusu, mimi ningechagua puto hata kama ankara zinalingana. Anayechoka akipanda mlima mdogo au kuhema akilala apimwe mapema. Valvu ikishakakamaa, chaguo hilo linaondoka.