Sumaku Peke Yake Haitoshi

Ukishauza ufuta wako, wachuuzi hufika kijijini. Wengine huleta bangili na mikufu. Husema: "Hii ni fedha. Haya, leteni sumaku." Mtu huleta sumaku ya spika ya redio mbovu. Sumaku haivuti. Basi watu hutoa pesa.

Mimi ni bwana shamba, si sonara. Hata mimi nilinaswa hivyo. Nilimnunulia mke wangu bangili kwa bei ya magunia mawili ya mahindi. Baada ya miezi michache weupe ulianza kutoka. Ndani ikaonekana shaba ya njano. Mama watoto hakusema neno. Aliiweka juu ya kabati, na ipo hapo mpaka leo.

Nilikwenda kwa sonara mjini anieleze kosa langu. Sumaku huvuta chuma. Haivuti fedha. Lakini shaba pia haivuti, wala risasi, wala zinki. Kwa hiyo bangili ikivutwa, iache. Isipovutwa, bado hujajua kitu. Mkufu una jambo lake: kifungo chake huwa na springi ndogo ya chuma. Sumaku ikivuta hapo tu, usimwite mwenye mkufu mwizi.

Iko pia iitwayo fedha ya Kijerumani. Ndani yake hamna fedha hata punje. Ni shaba, nikeli na zinki, na sumaku haiivuti.

Je, fedha halali ni fedha tupu? Hapana. Fedha tupu ni laini, hupinda upesi. Mafundi huichanganya ili iwe ngumu. Katika sehemu 1000, sehemu 925 ni fedha. Zile 75 kwa kawaida ni shaba. Ndiyo maana ya alama 925. Reale ya zamani yenye sura ya Maria Theresa, iliyotumika Unguja katika karne ya 19, ina sehemu 833 za fedha. Kuchanganya si wizi. Wizi ni kuuza shaba iliyopakwa fedha kwa bei ya fedha. Na alama hugongwa kwa nyundo. Mwongo naye ana nyundo.

Sonara hupima uzito, kisha hutumbukiza bangili katika maji. Gramu 105 za fedha husukuma maji kiasi cha sentimita 10 za ujazo. Shaba ya njano ya uzito huohuo husukuma zaidi ya 12. Pia hukwaruza kidogo kwa tupa, mahali pasipoonekana, aone rangi ya ndani. Ana na dawa ya asidi. Hiyo usiiguse, inaunguza.

Fedha ikiwa nyeusi usiitupe. Fedha halali nayo huwa nyeusi.

Kabla ya kulipa, mwambie mchuuzi: "Twende kwa sonara." Akisema basi linamwacha, mwache apande.