Maji ya Lengelenge

Mpe jembe mtu aliyezoea kalamu, alime matuta mawili matatu. Jua halijapanda vizuri, kiganja kimeshatoa lengelenge. Akilitoboa (asilitoboe, ila najua atalitoboa) yatatoka maji maangavu, damu hakuna. Na ile ngozi iliyoinuka haitamomonyoka. Itabanduka nzima, kama ganda la kitunguu. Kila nikianza kufundisha tishu ya epithelia huanzia hapo, kwenye kiganja, kabla ya kumruhusu mwanafunzi yeyote kuisogelea hadubini.

Epithelia ndiyo tishu inayofunika. Kwa nje ni tabaka la juu la ngozi. Kwa ndani imetandikwa kinywani, kwenye utumbo, njia ya hewa, kibofu, mirija ya figo, hata ndani ya mishipa ya damu. Lakini yenyewe haina mishipa ya damu. Oksijeni na chakula chake hupenya kutoka tishu iliyo chini, kupitia utando mwembamba ambao seli za chini kabisa zimeukalia. Wembe wa kinyozi ukiparuza juu juu, hutoki damu. Ukitoka, ujue wembe umeshaivuka epithelia.

Majina ya aina zake huwatisha watu bure. Uliza mambo mawili tu: seli zimepangwa safu ngapi, na zile za juu zina umbo gani? Kwenye vifuko vya hewa vya mapafu kuna safu moja ya seli bapa, maana hewa inatakiwa ipite upesi. Mirija mingi ya figo ina seli zenye umbo la mchemraba, na utumbo una seli ndefu kama nguzo. Ngozi ina matabaka mengi, na ya juu yamekufa yakabaki maganda ya keratini. Kinywani matabaka ni mengi vilevile, ila kwa sehemu kubwa hata ya juu yako hai na yana unyevu. Koromeo la hewa hudanganya: viini vya seli vimekaa ngazi tofauti ukadhani ni matabaka, kumbe kila seli imegusa chini. Kibofu nacho kina seli za mwavuli, nene kikiwa kitupu, bapa kikijaa. Hayo nayaachia mtihani. Kinachonivutia mimi ni namna seli hizo zinavyoshikana.

Fundi wa jahazi ana kazi mbili ambazo mtu asiyejua vyombo huzidhani moja. Kwanza hupigilia misumari ili mbao zishikane. Kwenye mtepe wa zamani mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi. Kisha hutia kalafati, pamba iliyolowa mafuta, katika mianya iliyobaki. Msumari hushika ubao lakini hauzibi maji. Kalafati huziba maji lakini haishiki ubao. Seli za epithelia zinahitaji yote mawili.

Misumari yake huitwa desmosomu. Protini za seli moja hunasana na protini za seli ya jirani, na ndani ya kila seli zimefungwa kwenye kamba za keratini. Ukiivuta seli moja umevuta mtaa mzima, na ndiyo sababu ngozi ya lengelenge hubanduka kama karatasi. Mpini wa jembe ukisugua kupita kiasi, seli za tabaka la kati huachana, na maji kutoka chini hujaza pengo.

Kuna maradhi yanayong'oa misumari hiyo bila jembe. Bakteria aina ya Staphylococcus aureus huweza kutoa sumu inayokata desmogleini ya 1, protini mojawapo ya desmosomu. Mtoto mchanga akiipata, ngozi yake huchubuka kama aliyemwagikiwa maji ya moto, lakini ndani ya kinywa husalimika, kwa kuwa huko kazi kubwa hufanywa na desmogleini ya 3. Sasa geuza: katika ugonjwa wa pemfigasi vulgaris, kinga ya mwili wenyewe hushambulia hiyo ya 3, na mara nyingi vidonda huanzia kinywani. Sijui mfano mwingine wa tiba unaonifurahisha kwa unadhifu kama huu, ingawa mgonjwa hana cha kufurahia.

Kalafati ni maungio ya kubana, yaliyo karibu na kilele cha seli. Marilyn Farquhar na George Palade waliyaeleza kwa hadubini ya elektroni mwaka 1963, lakini protini yake kuu, klaudini, ilitambuliwa Japani mwaka 1998. Jina limetoka katika neno la Kilatini la kufunga. Klaudini ziko zaidi ya 20, na hazifungi sawasawa. Kibofu kimezibwa kabisa, vinginevyo mkojo ungerudi mwilini. Utumbo mwembamba umeachiwa upenyo, chumvi na maji vipite.

Upenyo huo ndio kipindupindu huutumia. Sumu yake haibomoi ukuta. Hulazimisha seli za utumbo kumwaga kloridi. Sodiamu huifuata kwa kupita kati ya seli na seli, na maji hufuata nyuma yao, lita baada ya lita. Lakini mlango mwingine, unaoingiza sodiamu pamoja na glukosi, unaendelea kufanya kazi kama kawaida. Vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi: mchanganyiko huo hugonga mlango huo huo. Chumvi peke yake isingeingia vya kutosha.

Seli pia husemezana kupitia vijibomba vya koneksini, ambavyo hupitisha chembe ndogo tu. Hitilafu katika koneksini ya 26 huweza kumfanya mtoto azaliwe kiziwi.

Turudi kiganjani. Chini ya lengelenge, seli za safu ya mwisho bado zimeukalia utando wao, zimeushika kwa nusu-desmosomu. Hizo ndizo zitakazogawanyika na kuziba pengo kwa siku chache, zikiwa zimefunikwa na ile ngozi niliyokuomba usiitoboe. Ukirudi shambani kidogo kidogo, zitaongeza keratini mpaka ifanyike sugu, na mpini utazunguka juu yake bila kuondoka na kitu.