Kidole Kimoja Hakivunji Chawa
Habari za kunguni, mende na panya katika nyumba za mjini

Mwezi huu twataka kunena habari za wageni wasioalikwa, ambao hula chakula chetu na kulala vitandani mwetu, wala hawalipi kodi. Hao ni kunguni, mende na panya. Shambani nao wapo, lakini mjini vita yao ni ya namna nyingine, nayo yahitaji akili nyingine.

Tuutazame mji wa Dar es Salaam. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 mkoa ule ulikuwa na watu 5,383,728, na wengi wao hukaa katika nyumba za kupanga. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, Tandale au Manzese twaijua sote: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma ua wenye jiko, bomba na choo cha wote. Mara nyingi kuta za vyumba hazifiki bati, au dari ni moja juu ya nyumba nzima. Watu wamegawanywa kwa milango na kufuli. Mdudu hakugawanywa na kitu. Kwake nyumba ile ni chumba kimoja.

Basi tufikiri yanayotukia. Mpangaji mmoja aona mende, anunua dawa ya kopo, afunga mlango na kupuliza. Wachache hufa, na waliosalia hupanda ukuta na kuhamia kwa jirani. Baada ya siku chache jirani naye apuliza, nao hurudi walikotoka. Fedha imekwisha, mende wapo, na watu wameanza kununiana, kila mmoja akimdhania mwenzake kuwa ndiye mchafu. Hili ndilo neno letu la mwezi huu: katika nyumba ya watu wengi, mdudu hashindwi na chumba kimoja. Hushindwa na nyumba nzima.

Wengine hudhani kwamba ikipatikana dawa kali zaidi mambo yatakwisha. Sivyo. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT huua wadudu, hata akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1948. Lakini mwaka 1947, kabla hajaipokea tuzo hiyo, katika kambi za wanamaji wa Marekani huko Pearl Harbor walionekana kunguni wasiokufa kwa dawa ile. Dawa nyingi za makopo tulizo nazo leo zimetengenezwa kwa kuiga nguvu ya ua la pareto, lile linalolimwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Nazo pia zimeshindwa na kunguni na mende wa miji mingi. Sababu yake ni hii: wale wasiokufa ndio wanaozaa.

Tuanze na kunguni. Yafaa kila mtu ajue kwamba kunguni si alama ya uchafu. Yeye hatafuti makombo, hutafuta damu, nayo iko kwa tajiri na kwa maskini. Hana mabawa, huja na kochi kuukuu, na godoro la kununua mkononi, na sanduku la mgeni aliyesafiri kwa basi. Lakini kwa kuwa watu huona aibu, humficha, na katika kufichwa huko ndimo anamozaa. Mayai yake ni meupe, urefu wake kama milimita moja, nayo huanguliwa katika siku 6 hadi 10. Mtoto wake hujivua ngozi mara tano kabla ya kukomaa, na kila mara hana budi kunywa damu kwanza. Aliyekomaa aweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Kwa hiyo kukihama chumba kwa juma moja si dawa.

Adui yake mkubwa ni joto. Chemsha shuka na foronya. Mimina maji yanayochemka katika viungo vya kitanda na nyufa za chaga. Piga pasi mishono ya godoro ikiwa kitambaa chaweza kustahimili. Kuanika juani peke yake hakutoshi, maana hukimbilia upande wenye kivuli. Kisha rudia kazi ile baada ya siku kumi na tena baada ya siku kumi nyingine, ili uwakute walioanguliwa nyuma. Usipake kitanda mafuta ya taa: nyumba nyingi zimeungua kwa kosa dogo kuliko hilo.

Mende wako wa namna mbili walio maarufu. Yule mkubwa mwekundu hupanda kutoka chooni na katika chemba za maji machafu. Yule mdogo wa rangi ya kahawia hukaa jikoni na ndani ya kabati. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na hukiacha mayai yakikaribia kuanguliwa. Mende aweza kuishi majuma kadhaa bila chakula, ila hawezi kudumu hivyo bila maji. Basi kabla ya kulala, kausheni karo na mabeseni, funikeni ndoo, rekebisheni bomba linalovuja uani. Badala ya kupuliza, tumieni chambo kinachoua polepole: mende akila hurudi mafichoni, na wenzake hula mavi yake na mzoga wake, wakafa nao. Kiwekeni ndani ya nyufa, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Tena mende si wa kuchukiza tu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1997 katika miji ya Marekani ulionyesha kwamba watoto wenye pumu, ambao miili yao huathiriwa na mende na ambao hulala katika vyumba vyenye mende wengi, walilazwa hospitali mara nyingi kuliko wenzao.

Panya naye ana historia ya huzuni. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto ili kuuzuia ugonjwa. Na mwaka 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, homa ya mgunda, ambayo panya huieneza kwa mkojo wake, iliwapata watu 20, na watatu wakafa. Panya jike hubeba mimba kama majuma matatu tu. Kwa hiyo ukiua watano na kuacha jaa wazi, jaa litakuzalia wengine. Kazi ya kwanza ni kufunika taka na kutia nafaka katika vyombo vyenye vifuniko. Ya pili ni kuziba matundu kwa saruji na wavu wa chuma, hasa pale bomba lipitapo ukutani. Ya tatu ni mitego. Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu, maana viroboto huuacha mwili uliopoa na kutafuta wenye joto.

Sasa tufikie jambo linalotutia hofu kuliko yote. Mijini huuzwa sumu za mashambani katika vichupa visivyo na karatasi ya maelezo, na mtoto akikiona kichupa hudhani ni soda. Huuzwa pia vidonge vya kuhifadhia nafaka, vya fosfidi ya alumini. Hivyo vikipata unyevu hutoa hewa ya sumu ipitayo katika nyufa na juu ya kuta, nayo haina dawa ya kuiondoa mwilini. Mwezi wa Januari mwaka 2014, mjini Yerusalemu, watoto wawili wa nyumba moja walikufa baada ya vidonge vya namna hiyo kutumiwa nyumbani mwao kuulia wadudu. Ikiwa nyumba ya familia moja yaweza kupata msiba huo, je, nyumba ya vyumba sita visivyofika bati? Vidonge hivyo visiingizwe kamwe mahali wanapolala watu. Na mtoto akinywa sumu, msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na kichupa chenyewe.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini walisema pia kwamba panya wengi hawachimbi shimo. Methali hizi hazipingani. Mtu mmoja hatoshi, na watu wengi wasio na mpango hawatoshi vilevile. Kwa hiyo wapangaji wakutane jioni moja, pamoja na mwenye nyumba, maana kuziba kuta na kutengeneza choo ni juu yake. Wakubaliane siku moja ya kutoa vitanda na makabati yote uani, chumba hata chumba. Mmoja awe mshika fedha za saruji, mitego na chambo. Mwingine aandike siku za kurudia. Na atakayeona kunguni kwake aseme siku ile ile, wala asichekwe.

Nanyi walimu mwaweza kusaidia sana. Wafundisheni watoto kulitambua yai la kunguni na kifuko cha mende, maana macho yao ni makali kuliko yetu. Tena wafundisheni kutogusa kichupa wasichokijua. Mtoto akiyapeleka maneno hayo nyumbani, husikilizwa ukumbini na watu wa vyumba vyote sita.