Nguvu ya Askari Haianzii Mkebeni

"Adui yako mwombee njaa," walinena wahenga, na katika mambo ya vita maneno hayo hayakupata kukosea. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliwaandama Wajerumani kwa njia ya reli, chini ya milima ya Upare. Katika miezi iliyofuata, malaria, kuhara na upungufu wa chakula viliwaangusha askari na wapagazi wengi kuliko risasi.

Leo twapenda kulitazama jambo hilo kwa askari wa uhifadhi. Karibu na mji wa Same ndipo lilipo lango la Mkomazi, nchi ya kilometa za mraba zaidi ya 3,200, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Mwaka 1997 faru weusi waliletwa humo kutoka Afrika ya Kusini. Mvua nyingi huishia milimani, na askari awalindaye wanyama hao hutembea katika nchi kame, bunduki begani na maji mgongoni.

Si ajabu basi kijana atamaniye kazi hiyo, au ile ya jeshi, akivutiwa na mikebe ya unga wa protini na vidonge vya kuongeza nguvu. Hayo si ya kwetu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya askari wa Jeshi la Marekani walitumia virutubisho walau mara moja kwa juma. Lakini mwezi wa Desemba 2011, baada ya askari wawili kufariki, wakubwa wa majeshi hayo waliamuru virutubisho vyenye dawa iitwayo DMAA viondolewe katika maduka ya kambi zao.

Hatusemi kwamba kila kilichomo mkebeni ni sumu. Kreatini, gramu 3 mpaka 5 kwa siku, imepimwa sana. Husaidia kazi za nguvu za ghafla, wala haijaonekana kumdhuru mwenye afya njema. Kafeini humkesha mlinzi, ila mtu mzima asizidishe miligramu 400 kwa siku.

Tunalosema ni kwamba chungu kitangulie mkebe. Makande, chakula cha Wapare, si chakula cha kudharauliwa. Mahindi yana upungufu wa laisini, nayo maharage yanayo tele; methionini iliyo haba katika maharage hupatikana katika mahindi. Mtu wa kilo 70 afanyaye mazoezi makali huhitaji gramu 100 mpaka 140 za protini kwa siku. Makande, maziwa, mayai na dagaa vyatosha kumpatia, iwapo anakula akashiba.

Na hapo ndipo penye neno letu kwa wakubwa. Askari apelekwaye doria na posho haba ndiye atakayetafuta nguvu dukani, kwa fedha yake na kwa hatari yake. Apewe chakula cha kutosha, na pawe na mganga wa kumshauri kabla hajameza kitu. Tangu 2019 usalama wa vyakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango. Yafaa mikebe hiyo nayo iangaliwe kwa jicho kali.

Nanyi vijana, msinunue msichoweza kukisoma. Kwanza shibeni, mlale, mfanye mazoezi. Mkebe, ukihitajika, uje nyuma.